Mfanyakazi asingoje kufutwa ndipo asemeshwe kwa lugha anayoielewa

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kina maneno machache ambayo aghalabu wasomaji huyapita mbio. Kinasema kwamba mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, sharti kwanza amweleze sababu hizo kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa. Mfanyakazi naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo.

Ni sheria njema. Hata hivyo, anayeisoma kwa jicho la mwanaisimu hana budi kujiuliza: mbona lugha anayoielewa mfanyakazi ikumbukwe siku ya kumtoa mlangoni, ilhali siku ya kumwingiza aliwekewa mezani kurasa kadhaa za Kimombo na kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi? Na asiyejua kuandika, sheria iyo hiyo inamruhusu kubonyeza kidole. Amekubali nini? Ingawa sheria inataka aelezwe mkataba kwa lugha anayoielewa, kwa vitendo hilo mara nyingi halimshughulishi mtu.

Hoja ya waajiri sote tunaijua. Mahali pamoja pa kazi huwa na Mluo, Mkamba, Mgiriama, Mkalenjin na Mhindi. Ili pasiwe na anayependelewa, yafaa tutumie Kiingereza, lugha isiyo ya kabila lolote. Sitaki kuibeza hoja hii. Msimamizi anayeteta na karani mmoja kwa lugha ya kwao mbele ya wengine watano hupanda shaka ambayo haing'oki upesi. Lakini kutokuwa na kabila si kutokuwa na mwenyewe. Kiingereza humu nchini kina wenyewe, nao ni wale waliosoma kwa muda mrefu na katika shule nzuri. Tukikifanya lugha ya pekee ya kazi, twaondoa upendeleo wa kabila na kuuweka wa tabaka. Isitoshe, lugha isiyo ya kabila moja iliyo vinywani mwa wengi tayari tunayo, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika kiwanda kimoja cha majani chai niwasaidie wasimamizi kuboresha uandishi wa ripoti zao. Nikahudhuria mkutano wao wa wafanyakazi. Meneja alieleza kwa Kiingereza fasaha jinsi chai ya majuma yaliyotangulia ilivyotoka na unyevu mwingi, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Katibu akaandika kwamba hapakuwa na swali wala maoni.

Baada ya mkutano nilimkuta mzee mmoja anayehudumu kwenye boila akiwaeleza vijana, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kigusii, kiini cha mambo. Kuni zilizokuwa zikiletwa zilikuwa mbichi. Kuni mbichi hula moto wake zenyewe katika kujikausha, mvuke ukapungua nguvu, na joto la mashine ya kukaushia chai likashuka. Alijua hata kuni zilianza kuletwa mbichi siku gani. Nilipomwuliza mbona hakusema mle ndani, alinijibu, "Mwalimu, mle ndani ni kwa wenye Kizungu." Mzee huyo hakuwa mjinga wala mwoga. Alikuwa amekataa kuaibishwa mbele ya vijana wa umri wa wanawe kwa sababu ya sarufi. Kiwanda kikaendelea kuharibu chai huku ujuzi uliohitajika ukiwa umeketi benchi la nyuma. Wenye kupenda kupiga hesabu za faida na hasara waitie na hiyo.

Yapo mahali ambapo Kiingereza hakiepukiki. Rubani kutoka Addis Ababa na mwongoza ndege wa Nairobi wanahitaji lugha moja, na haitakuwa Kigusii. Lakini tazama jinsi wenzetu hao wanavyoishughulikia. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka ngazi sita za umilisi wa lugha, na tangu mwaka wa 2008 rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau ngazi ya nne. Anayeishia ngazi hiyo hupendekezwa apimwe tena kila baada ya miaka mitatu. Hata Mwingereza wa kuzaliwa hutakiwa kuacha misemo ya mtaani kwao na kutumia istilahi sanifu za anga. Yaani, palipo na haja ya kweli ya Kiingereza, hufundishwa, hupimwa, na mjuzi wake hujishusha ili asiye mjuzi amfahamu. Katika ofisi na viwanda vyetu twadhania tu kwamba kipo, na asiyekuwa nacho akajikune mwenyewe.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kazi. Waende gereji yoyote. Kazi ya kutwa nzima, injini kufunguliwa na kufungwa, huendeshwa kwa Kiswahili cha spana, nati, gia na breki. Upungufu uliopo uko kwenye karatasi, na ni ugonjwa wa zamani. Mwaka wa 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, lakini miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mdomo ukapewa lugha moja, kalamu ikabaki na nyingine.

Walimu wenzangu, nasi tusijitoe katika lawama hii. Shule ni mahali pa kazi. Ina wapishi, mabawabu, matarishi na wasafishaji, na mara nyingi waraka unaohusu likizo na zamu zao hubandikwa kwa Kiingereza, wakabaki kumwomba mwanafunzi awasomee. Somo la Kiswahili limejaa insha za methali na barua kwa mhariri. Ni vyema, lakini mwanafunzi anamaliza shule bila kuwahi kuandika kwa Kiswahili mkataba wa kazi, onyo la usalama au kumbukumbu za mkutano wa kiwanda. Waraka ule wa wapishi ukiletwa darasani utafsiriwe, una kazi ya vipindi viwili au vitatu, hasa darasa likifika kwenye marupurupu na saa za ziada. Tafsiri itakayokubaliwa ibandikwe jikoni, na wapishi wenyewe waulizwe kama wameielewa.