Maegesho ya Baiskeli: Yatumike Kwanza Yaliyopo

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anafahamu hesabu hii: kontena kuukuu likiuzwa kwa kilo lina bei ndogo, lakini likitobolewa mlango na dirisha likawa duka, bei yake ni nyingine. Hesabu hiyo yafaa pia kupigwa kwenye maegesho ya baiskeli mijini.

Tuchukue mfano wa Amsterdam, Uholanzi. Mwaka 2001 mji huo ulijenga kando ya stesheni kuu ya treni jengo la ghorofa la chuma la kuegesha baiskeli 2,500. Lilikusudiwa kuwa la muda, lakini likatumika kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 yalifunguliwa maegesho mapya chini ya maji, upande mmoja wa stesheni nafasi 7,000 na upande wa pili nafasi 4,000. Yale ya nafasi 7,000 yaligharimu takriban Euro milioni 60. Ukigawanya, ni zaidi ya Euro 8,500 kwa kila nafasi, fedha inayonunua baiskeli kadhaa.

Hatupingi ujenzi huo. Mahali penye msongamano kama pale, nafasi chini ya ardhi ina thamani yake. Tunachohoji ni desturi ya kuona la zamani limekwisha kazi mara jipya linapofunguliwa. Jengo la chuma, tofauti na la zege, laweza kufunguliwa vipande na kusimamishwa kwenye stesheni ndogo, shule au soko.

Aidha, nafasi nyingi zimekaliwa bure. Waholanzi wana jina la baiskeli zilizotelekezwa: baiskeli yatima. Kuzibandika ilani na kisha kuziondoa kunarudisha nafasi bila kumwaga zege hata toroli moja.

Wapo watakaosema kufungua na kuhamisha nako ni gharama. Ni kweli. Pia maegesho yaliyo mbali na treni hayapati wateja hata yakiwa ya bure. Kwa hiyo si kila jengo linafaa kuokolewa.

Lakini bei ya kuhamisha ijulikane kabla ya kubomoa. Kila zabuni ya maegesho ya muda imtake mkandarasi aandike mapema gharama za kulifungua na kulisimamisha kwingine. Bila tarakimu hiyo mezani, mnunuzi wa chuma chakavu ndiye atakayepanga bei, na mlipa kodi atalipa mara mbili.