Mabusha visiwani: mbu tumempiga vita, mgonjwa tumemwacha na kanzu yake

Zoezi la kugawa dawa za matende na mabusha likipita katika shehia zetu, mazungumzo ya barazani huwa yale yale. Vidonge ni vingapi, vinalevya au havilevi, nani kameza na nani kavitia mfukoni akavitupa njiani. Ni mazungumzo mazuri, maana dawa ile ina kazi kubwa. Lakini katika baraza hiyo hiyo huenda yupo mtu aliyejibana pembeni, kanzu imemfunika vizuri, naye anajua kwamba vidonge hivyo havitampunguzia chochote katika alichonacho. Yeye na mkewe ndio tunaowakusudia hapa.

Tunaandika haya sasa kwa sababu ya jambo lililotokea mbali na visiwa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeshafungwa. Tangu 2006 shirika hilo lilikuwa na mpango wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, matende na mabusha yakiwemo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizonufaika. Vidonge vyenyewe hutolewa bure na kampuni zinazovitengeneza. Kinachogharimu ni kuvifikisha, kuwapima watu, na kuwatibu waliokwisha kuvimba. Fedha zinapopungua, hilo la mwisho ndilo rahisi zaidi kuachwa, kwa sababu mwenye nalo hapigi kelele.

Ugonjwa huu huletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayopitishwa na mbu. Hauji kwa mbu mmoja wala kwa usiku mmoja. Ni kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya mitoki kwa miaka sita hadi minane, ikizaa vijiminyoo vinavyojaa kwenye damu nyakati za usiku. Ndiyo maana zamani wapimaji walikuwa wakigonga milango watu walipokwisha kulala. Mishipa hiyo ikiharibika, kwa wengine huvimba mguu, nayo ndiyo matende. Kwa wanaume wengi zaidi maji hukusanyika katika mfuko unaoizunguka korodani, nalo ndilo busha. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanaume milioni 25 wenye mabusha na watu milioni 15 wenye matende. Kwa maneno mengine, unaouona barabarani ni mguu, na sehemu kubwa ya maradhi haya imo ndani ya nguo.

Zanzibar haikulala katika vita hivi, na haki itajwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Makunduchi ilikuwa mahali pa jaribio lililokuja kusomwa na mabingwa wa dunia nzima. Vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki, zikaelea na kutanda juu ya maji, mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi vyake vikakosa pumzi. Pamoja na dawa waliyopewa wananchi, kiwango cha waliokuwa na vijiminyoo kilishuka kutoka karibu nusu ya waliopimwa hadi takriban 3 kwa kila 100 baada ya miaka mitano. Kisha mwaka 2001 Unguja na Pemba zikaanza kugawa dawa kwa wananchi wote kila mwaka. Kizimkazi, ambako karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa na vijiminyoo kwenye damu, na Kwahani pale mjini, ambako walikuwa 7, vipimo vilishuka hadi sifuri kufikia 2006. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionesha kwamba maambukizi hayajakatika kabisa, na dawa zikarejea. Kwa hiyo ukiambiwa umeze, meza.

Ila dawa huua vijiminyoo ili mbu asipate cha kumpelekea jirani. Haitoi maji yaliyokwisha kukusanyika. Mzee aliyeumwa na mbu katika ujana wake anaweza kuwa leo hana hata mnyoo mmoja mwilini, na busha likawa linakua. Katika hesabu za mradi yeye ni mafanikio. Nyumbani kwake mambo ni mengine. Na Shirika la Afya Duniani halioni kuwa inatosha kukata maambukizi: nchi inayotaka kutangazwa kuwa imemaliza tatizo hili hutakiwa pia ioneshe kwamba inawajua wagonjwa wake na kwamba ipo huduma kwa ajili yao. Yemen ilitambuliwa hivyo 2019, katikati ya vita. Malawi 2020, Bangladesh 2023. Hizo si nchi tajiri.

Basi kwa nini mgonjwa wetu haendi hospitali? Umasikini upo, nao tutaufikia. Kwanza kuna maneno ya watu. Wapo wanaoamini kuwa busha linatokana na kunywa madafu mengi, na hao angalau hawamdhuru mtu ila muuza madafu. Wabaya zaidi ni wanaosema ni tego, kwamba bwana yule alikwenda kwa mke wa mtu akanaswa. Fikiri uzito wake: mtu kaumwa na mbu usingizini, kisha anatuhumiwa zinaa, bila shahidi wala kiapo. Mwenye kulisema hilo ajue kwamba anachezea mlango wa kumsingizia Muislamu zinaa, na Qur-an imeuwekea mlango huo adhabu kali.

Maneno ya aina hii yana historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika hadithi ya Abu Hurayra (RA) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametueleza habari za Nabii Musa (AS), aliyekuwa mwenye haya nyingi na hakuwa akioga mbele za watu kama walivyozoea Banu Israil. Wakasema hajifichi ila ana kasoro mwilini, na katika walizozitaja ni udra. Wanavyuoni wameieleza udra kuwa ni kuvimba korodani: ndilo busha hili hili letu. Allah (SW) akamtakasa na waliyoyasema, na wafasiri wameitaja habari hii katika kuieleza aya ya 69 ya Suratul-Ahzab, inayowakataza waumini wasiwe kama waliomuudhi Musa.

Mtu anaweza kusema, basi si ndiyo dalili kuwa busha ni aibu, hata Nabii akatakaswa nalo? Hapana. Kilicholaumiwa katika aya ni ulimi wa waliosema. Maradhi ni mtihani wala si dhambi, na mwenye busha leo hajavunja amri yoyote ya Mola wake. Haya aliyokuwa nayo Nabii Musa ilikuwa ya kujisitiri wakati wa kuoga. Hakuna popote iliposemwa kuwa haya ni kumficha tabibu maradhi mpaka mtu asiweze kutembea.

Sasa tuingie chumbani, kwa adabu. Busha dogo huenda lisimzuie mtu na mkewe. Likiwa kubwa, ngozi huvutwa na uume humezwa ndani ya uvimbe, tendo likawa zito au lisiwezekane kabisa. Kinachofuata ni ukimya. Mume anaona haya, anahamia chumba cha pili akisingizia joto. Mke hamuulizi, kwa kuchelea kumvunja. Baadaye mmoja huanza kumdhania mwenzake: huyu kanichoka, yule ana mwengine. Wakifika kwa wazee, kesi huwa ni ya matumizi au ya maneno makali, na lenyewe halitajwi.

Sharia ilimfikiria mke wa mume asiyeweza. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, mke wa mwanamume asiyeweza kumwingilia hufikisha shauri kwa Kadhi, na Kadhi humpa mume muhula wa mwaka mmoja, hukumu iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA). Mwaka ukipita hali ikawa ile ile, mke ana haki ya kutaka ndoa ifasikhwe. Lakini madhehebu hayo hayo yanasema kwamba mume akishamwingilia hata mara moja katika ndoa hiyo, mlango huo umefungwa. Na busha lenyewe, lisipozuia tendo, halimo katika kasoro zinazovunja ndoa walizozihesabu mafakihi wetu.

Hapa ndipo mke wa mgonjwa wetu anaponasa. Maradhi haya kwa kawaida hukua polepole na humfikia mtu utu uzimani, baada ya miaka ya ndoa na watoto. Kwa hiyo yule bibi hana dai la muhula. Akitaka kuondoka iliyobaki ni khului, arejeshe mahari na atoke na watoto wake kwa mume ambaye pengine bado anampenda, kwa jambo ambalo daktari angelimaliza asubuhi moja. Kwa maoni yetu, masheikh na wazee wanaosuluhisha ndoa waulize habari za afya kabla ya kuuliza nani kamtukana nani, na wamuulize mume peke yake, mbali na mashemeji. Kijana mwenye uvimbe anayetaka kuposa naye aende hospitali kabla ya kupeleka barua. Ni bora kuliko bi harusi kugundua usiku wa kwanza.

Upasuaji wenyewe ni wa kawaida katika hospitali yenye mpasuaji. Hutumika ganzi ya sehemu au ya mgongoni, mfuko hupasuliwa, maji hutolewa, na utando wake hukatwa au hugeuzwa ili maji yasipate pa kujikusanya tena. Korodani haziondolewi. Hofu ya kuhasiwa ndiyo inayowarudisha wengi kutoka mlangoni, nayo haina msingi. Mgonjwa wengi wao hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili, kisha hukaa wiki kadhaa bila kubeba mizigo, bila kukwea minazi wala kuvuta nyavu, na bila kukutana na mkewe mpaka daktari amruhusu. Wapo wanaokwenda kuvutwa maji kwa sindano. Hayo hurudi, na sindano huweza kuingiza usaha. Tena si kila uvimbe ni busha. Ngiri huteremka mahali pale pale nayo hutaka daktari mapema, na kijana aliyeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani akimbizwe hospitali saa ile ile, kwa sababu huenda imejisokota, na baada ya saa sita hivi inaweza kupotea.

Kuhusu kufunua uchi mbele ya daktari, mafakihi wamelijibu zamani: haja ya matibabu inaruhusu, kwa kadiri ya haja, na akipatikana tabibu mwanamume ndiye wa kutangulizwa. Wengi huuliza pia habari za swala. Kidonda kilichopo pale hakihusiani na viungo vya udhu, basi mtu hutawadha kama kawaida, na damu inayotoka kidondani haitengui udhu kwa Mashafii ingawa ni najisi ya kuangaliwa. Josho la janaba ndilo lenye kazi: huosha mwili uliobaki, hupangusa juu ya bendeji na hutayamamu. Asiyeweza kusujudu kwa maumivu, akiwa anaweza kusimama aswali kwa kusimama na sijda aiashirie; asiyeweza kusimama ndiye aswali kwa kukaa.

Imebaki fedha. Mkazi wa Kojani au Tumbatu huanza safari yake ya hospitali kwa chombo. Kuna nauli yake na ya wa kumuuguza, chakula, na wiki za kukaa bila kwenda pwani huku watoto wanataka kula. Hata pale matibabu yanapokuwa bure, hizo ndizo zinazomrudisha nyuma. Mgonjwa kama huyu ni fakiri au maskini kwa maana ya aya ya zaka, hana haja ya kutafutiwa fungu jipya. Sharti kwa Mashafii ni kwamba zaka imilikiwe na anayeistahiki, kwa hiyo apewe mkononi mwake, au yeye mwenyewe aruhusu ilipwe kwa niaba yake. Sadaka haina sharti hilo, na mwenye nyumba au shamba la mikarafuu la kuweka wakfu anaweza kusharutisha mapato yake yaende kwa wagonjwa wa aina hii. Orodha iwe kwa daktari wa kituo cha afya, si kwa kamati ya msikiti yenye watu kumi na mbili. Wallahu a'lam.