Haya Isiwe Sababu ya Mama Zetu Kuumia



Mmoja wa mama zetu wazee aliacha kuhudhuria darsa ya akina mama baada ya Alasiri. Sisi wa kamati tulidhani ni uchovu wa umri. Kumbe kwa miaka kadhaa kizazi chake kilikuwa kimeshuka hadi nje, naye akikifunga kwa kitambaa na kuona haya kuwaambia hata binti zake. Alipofikishwa hospitali, ilibainika kuwa mirija ya mkojo imebanwa na figo zimeanza kudhurika.

Kushuka kwa kizazi si jambo geni kwa waliozaa mara nyingi na waliokoma hedhi, maana misuli na kano zinazokishikilia hulegea. Lililo nadra ni madhara makubwa kama hayo ya figo, na nadra zaidi ni ukuta wa uke kupasuka na utumbo kutokeza nje. Hiyo ni dharura: utumbo usirudishwe kwa mkono, bali ufunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, na mgonjwa awahishwe kwenye upasuaji.

Tiba ipo. Madaktari huweka pete maalumu ya kukizuia kizazi; isipofaa, hukiondoa kwa njia ya chini na kukaza kuta zilizolegea. Upo pia upasuaji mfupi wa kuufunga uke, unaowafaa wazee dhaifu, lakini baada yake hakuna tena tendo la ndoa. Basi mama mwenyewe aelezwe na aridhie, watoto wasimwamulie.

Haya ni pambo la muumini, wala si kizuizi cha elimu na tiba. Ummu Sulaym (R.A.) alimuuliza Mtume swali la tohara ambalo wengi wangeona aibu kulitamka, naye akajibiwa. Atafutwe daktari wa kike; asipopatikana, wa kiume huruhusika kwa dharura, na kufunuliwe panapohitajika tu. Na anayetokwa na mkojo bila kujizuia, swala haimwondokei: ajisafishe, ajifunge, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, kisha aswali.

Mama yule alipasuliwa, na alhamdulillahi amerejea darsani. Tuwatume wake na dada zetu wakawaulize mama zetu kwa upole, kabla maradhi hayajasema yenyewe.