Macho ya Mtumishi Yalindwe na Nani?

Majalada yamehamia kwenye kompyuta, na mtumishi wa umma aliyekuwa akinyanyuka kwenda masijala sasa habanduki mbele ya kioo tangu asubuhi hadi jioni. Anayekikodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida; macho hukauka na kuwasha, maandishi hufifia, kichwa huuma. Daktari humshauri, na ushauri ni mzuri: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Lakini dakika hizo ni za nani? Karani mwenye foleni dirishani hana mamlaka juu ya muda wake.

Ndiyo maana nakataa suala hili kugeuzwa nidhamu ya mtu binafsi. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo: mwajiri apange mapumziko katika kazi ya kompyuta, na mfanyakazi apimwe macho bila kutoa senti yake. Waajiri wetu wameagiza mashine; mapumziko hawakuyaagiza. Vyama vya wafanyakazi viyadai katika mikataba ya hali bora, pamoja na vipimo.

Uchovu wa mtu mzima, walau, hupungua akipumzika. Jicho la mtoto lililokosa mwanga wa nje na kushindia vitu vya karibu huelekea kurefuka, asione mbali, na likisharefuka halirudi. Tangu 2010 Taiwan inahimiza shule kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kwa siku. Kwetu, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa na masomo ya ziada.