Kabla ya kumlipa ajenti, uliza ni viza gani
Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji Septemba 2024, na maajenti wa mitaani wakapata biashara. Jamani, mkataba ule haukumpa mtu kazi! Viza ndiyo huamua utaishi vipi huko. Kadi ya fursa, Chancenkarte, hukupa hadi mwaka mmoja wa kusaka ajira, na vibarua vya saa 20 kwa wiki, ila uonyeshe kwanza una pesa za kujikimu. Ya utalii? Hiyo haikuruhusu kufanya kazi, na bado kuna wanaouziwa. Ajenti akisema “viza tutaona baadaye”, shikilia pesa zako. Orodha ya walio na leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), na kuiangalia ni bure.