Projekta ya mfukoni: inunuliwe au iachwe dukani?



Ukipata kibali cha kutoka kambini ukafika Bujumbura, huenda utafikia kwa ndugu huko Bwiza, kama wafanyavyo Wakongomani wengi. Pale Kiswahili kinasemwa barabarani, sawa na Buyenzi jirani yake, na pale vijana wetu hutafuta simu, redio na vitu vingine vya umeme. Siku hizi wapo wanaorudi na kitu kipya: projekta ndogo ya kuingia mfukoni, yenye betri ndani yake. Unatia kadi ya memori au flashi, unaielekeza kwenye ukuta mweupe au shuka, na picha inatokea kubwa kuliko ya televisheni.

Watu wananiuliza: je, ni vizuri kuwa nayo? Mimi ni mhamasishaji wa afya, si muuzaji. Nitakueleza faida na hasara kama ninavyoziona, halafu wewe na jamaa yako mtaamua.

Tulikotoka

Kuonyesha picha kwa watu wengi si jambo jipya kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, zilitengenezwa filamu fupi za kufundisha wanakijiji. Mojawapo ilihusu ugonjwa wa safura unaoletwa na minyoo. Filamu hizo zilizungushwa Afrika Mashariki kwa lori lililobeba mashine ya umeme, na maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid lilianza mwaka 2001 kuwaonyesha wakimbizi filamu usiku, skrini ikiwa imefungwa juu ya gari.

Projekta za mfukoni zilianza kuuzwa duniani mwaka 2008. Kazi iliyohitaji lori, dereva na mafuta, leo kijana mmoja anaibeba katika suruali yake. Hapo ndipo faida ilipo, na hapo ndipo hatari ilipo pia. Lori la filamu lilikuwa na mtu wa kuliongoza na saa yake ya kuja na kuondoka. Projekta ya mfukoni haina msimamizi ila mwenye nayo.

Faida zake

Kwanza, haihitaji jenereta. Unaweza kuichaji mchana kwa sola na kuitumia jioni. Hata Bwiza kwenyewe, umeme ukikatika, mwenye projekta ya betri anaendelea.

Pili, inakusanya watu. Simu wanaiangalia wawili au watatu, vichwa vikigongana. Kwa projekta watu 20 wanaona pamoja, na asiyejua kusoma anaelewa sawa na aliyesoma. Jinsi ya kuchanganya dawa ya maji kwa mtoto anayeharisha, jinsi ya kufunga chandarua, jinsi ya kunawa mikono: mambo haya yakionekana kwa macho hukaa kichwani.

Shirika la Digital Green lililoanzia India limetumia projekta ndogo za betri kuwafundisha wakulima vijijini, huko kwao na Ethiopia. Wanaoonekana katika video ni wakulima wenyewe, wakisema lugha yao. Watazamaji ni kikundi kidogo, na yupo mtu anayesimamisha picha na kuuliza: "Mmeona alivyofanya? Nani anaweza kurudia?" Kinachofundisha ni mashine pamoja na yule mtu anayeisimamisha.

Tatu, inaleta furaha. Mtu aliyekimbia vita naye anahitaji kucheka, na kuona harusi ya ndugu yake aliye mbali. Hilo nalo ni afya.

Hasara zake

Hasara ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote: mwanga wake ni dhaifu. Mchana huoni kitu. Usiamini namba kubwa za mwanga zilizoandikwa kwenye boksi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, mlango ukiwa wazi, ndipo utaona unanunua nini.

Sasa fikiri mwenye projekta anafanya nini akitaka kuonyesha saa 8 mchana. Anafunga mlango, anaziba dirisha kwa blanketi, anaingiza watu 30 katika nyumba ya watu 5. Picha inapendeza, lakini hewa haiingii wala haitoki. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, na kinapenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Surua pia ni hivyo hivyo, na wanaokaa mbele kabisa karibu na ukuta ni watoto. Ile nyumba ya giza tuliyoiona mjini katika nyumba za video, tusiijenge tena hapa kambini, mahali ambapo nyumba zimebanana na kikohozi cha mmoja ni cha jirani.

Hasara ya pili ni sauti. Wauzaji hukupa kadi iliyojaa filamu za vita. Kuta zetu ni nyembamba. Risasi za filamu zikilia usiku, jirani hajui kwamba ni mchezo. Wako mama zetu na watoto waliokimbia risasi za kweli kule Kivu. Sauti hiyo inawaamsha wakitetemeka. Tuliyoyakimbia tusiyarudishe wenyewe kwa spika.

Hasara ya tatu ni betri. Nyingi hazifiki saa mbili. Filamu ya Kihindi ya saa tatu itazimika kabla bwana arusi hajafika. Tena betri hizi zikiharibika huvimba, na zinaweza kuwaka moto. Usiichaji usiku umelala, wala juu ya godoro, wala karibu na turubai. Na mtoto asichungulie kwenye kioo kinachotoa mwanga, atazame ukutani.

Hasara ya nne ni pesa. Wengine wanainunua kwa ajili ya mpira, halafu wanagundua kwamba yenyewe haishiki matangazo ya televisheni. Inataka dekoda au intaneti. Aliyeuza mgao wa chakula ili ainunue amebaki na shuka jeupe na watoto wenye njaa.

Maoni yangu

Mimi nasema hivi: kwa mtu mmoja anayetaka kuitia nyumbani na kutoza watu kiingilio, iachwe dukani. Kwa kikundi chenye utaratibu, inunuliwe. Familia kumi zikichanga, hakuna atakayeuza unga wake, na hakuna atakayelazimika kujaza chumba ili pesa yake irudi.

Utaratibu wenyewe si mgumu:

Tuonyeshe nje, ukutani, kamwe si ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwetu jua linazama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo giza lenyewe ni la bure.

Tuanze saa 12 na nusu, tumalize saa 2 usiku. Betri itatusaidia kutunza saa. Mbu wa malaria huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri, na huzidi usiku wa manane. Kwa hiyo watu wavae nguo ndefu, na wakitoka hapo waende moja kwa moja kwenye chandarua.

Wasichana na watoto wasirudi peke yao gizani. Watoke pamoja, pamoja na mtu mzima wa kartie yao.

Filamu itazamwe kwanza na watu wazima wawili, mmoja wao awe mama. Ya bunduki na ya aibu isionyeshwe mbele ya watoto.

Kabla ya filamu, dakika 10 ziwe za afya, na mhamasishaji awepo kujibu maswali.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, mwenye homa za jioni, jasho la usiku au anayekonda, aende kwanza kituo cha afya apimwe. Kifua kikuu kinatibika, naye atazikuta filamu zikimsubiri.

Najua kuna kijana atakayesema: "Ni pesa yangu, ni nyumba yangu." Kaka, pesa ni yako kweli. Lakini hewa iliyo ndani ya ile nyumba wanaivuta watoto wa wenzako, na wazazi wao hawakuwepo ulipofunga dirisha.

Je, wewe msomaji unaonaje? Zungumza na kiongozi wa kartie yako na mhamasishaji wa afya aliye karibu nawe kabla pesa haijatoka mfukoni kwenda Bwiza.

Fungua dirisha, linda kifua chako na cha jirani yako.