Insha ya Nafsi Si Bakuli la Kuombea

Ndugu walimu, lipo jambo tulilolifumbia macho, nalo linatuaibisha. Vijana wetu wanaoomba nafasi katika vyuo vya Marekani hutakiwa kuandika insha ya nafsi. Fomu ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo leo hupokewa na vyuo zaidi ya 1,000, hutaka insha isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Humo mwombaji hujieleza mwenyewe: kikwazo alichokikabili, wazo lililombadilisha, au jambo limshughulishalo hata akasahau saa.

Nasi huwafundisha nini? Huwafundisha kulia. "Wazungu hupenda machozi," husema wenzetu. Matokeo yake nimeyaona hapa Kampala. Binti mmoja aliniletea insha ambamo yeye ni yatima. Na baba yake nilikuwa nimesalimiana naye sokoni Jumamosi ile ile! Nilipomwuliza, alijibu kwa upole, "Mwalimu, ndivyo nilivyoelekezwa."

Basi mwalimu amemwua mzazi kwa kalamu.

Watetezi wa desturi hii hudai kwamba nafasi ni chache na ufadhili ni haba, kwa hiyo kila hila ni halali. Dhiki naikubali, hila siikubali. Kilio kilichonakiliwa hakimtofautishi mtu na mwenziwe. Na hata kama kingefaulu, binti angeibeba maiti ya baba aliye hai kwa miaka yote ya masomo yake.

Na kweli yake ilikuwaje? Baba ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Tangu utotoni binti humwandikia daftari la safari: mafuta, mizani, siku zilizopotea mpakani Malaba. Baba husema kwa Kiswahili, lugha ya barabara ile, binti huandika. Hivyo ndivyo alivyojifunza lugha ambayo wengi nchini humu wameidharau kuwa ya askari. Hiyo ndiyo insha!

Wala tusisingizie ukosefu wa mifano. Shaaban Robert alisimulia utumishi wake na kufiwa na mkewe pasipo kumwomba msomaji sadaka. Tuanze darasani: mwanafunzi aweke kando methali za kukariri, aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokiona, ndipo aende kwenye Kiingereza. Baba wa yule binti yu hai. Anastahili kuandikwa hai.